Sikuzimia, Nilikaa Tu

Najua mmeshaiona kwenye stetasi ya rafiki yangu fundi video: eti nilizimia Jumamosi kule Kisasa kwenye kuvunja kamati. Mwongo mkubwa. Sikuzimia. Nilikaa, ila kiti hakikuwepo.

Chanzo ni kujifanya najua. Wiki ya harusi nilikesha naangalia video ya mzungu mmoja, anasema sRGB, ule uwanja wa rangi wa kawaida wa simu na kompyuta, ni kichumba cha mwaka 1996, kwamba mpiga picha mwenye heshima zake anasafishia faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, kwenye ProPhoto, uwanja mpana mpaka una rangi ambazo jicho la binadamu halizioni. Nikajiuliza, mimi wa Dodoma nabanana kichumbani kwa kosa gani? Nikahamia ProPhoto na harusi nzima. Kwenye kompyuta yangu maruni ya sare iliwaka kama mvinyo wa zabibu zetu ukipigwa na jua. Na maruni hiyo, jamani, ilibishaniwa vikao vitatu. (Shangazi alitaka zambarau. Mshikeni shangazi hapo hapo.)

Wakati wa kutoa JPEG nikakuta kiboksi cha kuambatisha profaili ya rangi. Nikaondoa tiki, faili iwe nyepesi. Picha ikachapwa, futi mbili kwa tatu, fremu ya dhahabu, ikafungwa makaratasi. Sikuifungua mchana. Vumbi la huku mnalijua.

Ukumbini fundi video akanisaidia kuitundika gizani, tukaifunika kitenge. Emsii akaita. Mama bibi harusi akashika pembe moja, mimi nyingine. Muziki ukashushwa.

Kitenge kikaanza kuteremka. Kwanza ukatokea ukuta, umefifia. Nikajipa moyo, hiyo ni taa. Kikatokea kilemba cha mama: maruni imekuwa rangi ya maharage yaliyolala. Halafu paji la uso la bwana harusi. Yule kijana anang'aa kama kapakwa samli, lakini pale alikuwa majivu ya jiko la juzi. Kigelegele kilichokuwa kimeanzia upande wa akina mama kikakatika, li-li-li, kimya. Kitenge kikafika kwenye tabasamu la bibi harusi. Meno yapo. Damu hamna.

Nikajaribu kukipandisha. Mama anakivuta chini, mimi navuta juu, na mama wa watu bado anatabasamu maana aliipa picha mgongo. Ndipo bibi mmoja wa meza ya mbele akauliza kwa upole kabisa:

"Hawa wamefariki lini, mwanangu?"

Na kutoka nyuma, sauti ninayoijua:

"Mimi nilisema zambarau."

Hapo ndipo nilipokaa.

Mnaonijazia inbox mkiuliza ilikuwaje: rangi kwenye faili ni namba tu, na profaili ndiyo inayosema namba hizo zinapimwa kwa kipimo gani. Nimeandika "tatu" nikimaanisha debe, nikafuta neno debe. Mashine ya kuchapa, kama simu nyingi, ikikuta hakuna neno inadhani ni sado. Debe tatu zikawa sado tatu, ngozi za watu zikapungukiwa. ProPhoto haina kosa, ni pana kweli, nzuri ya kusafishia. Ukishamaliza, ya kwenda kwa watu unaibadilisha kuwa sRGB na profaili unaiacha ndani. Mzungu alilisema hilo mwishoni. Mwishoni nilikuwa nimelala.

Bahati, faili ghafi haifungwi na uwanja wowote wa rangi mpaka uitoe, kwa hiyo hakuna kilichopotea isipokuwa heshima. Usiku huo nikatoa upya kwa sRGB, Jumatatu nikachapisha kwa hela yangu, Jumanne nikapeleka, nikasamehewa, nikapewa wali.

Natoka na ile ya kwanza kwapani, shangazi kaniwahi mlangoni.

"Hiyo usiitupe, baba. Niachie nikaitundike bandani. Mwewe wanatumalizia vifaranga."