Kikomo cha inchi 20: kumtetea samaki anayerudishwa majini

Tangu 2024, mvuvi wa ndoano katika ghuba za Texas, Marekani, anaruhusiwa kubeba samaki 3 kwa siku wa aina ya Cynoscion nebulosus, wenye urefu wa inchi 15 hadi 20. Kabla ya hapo walikuwa 5, na kikomo cha juu kilikuwa inchi 25. Sasa anayezidi inchi 20 hurudishwa, ukiacha ruhusa finyu ya mmoja mkubwa sana kwa lebo maalumu. Wenyeji humwita trauti wa madoa, ingawa ukoo wake ni wa samaki wangurumao: jioni za msimu wa kuzaana madume hutetemesha kibofu cha hewa, na majike hukaa kimya.

Wanaoilalamikia kanuni hii si walafi. Wanasema, kwa haki, kwamba dume hukua polepole na ni nadra kupita inchi 20, hivyo hata ndani ya vipimo hivyo wanaovuliwa wengi ni majike. Wanasema pia kwamba samaki aliyeachiwa anaweza kufa dakika chache baadaye, asimfae mtu.

Watetezi nao huharibu kesi yao kwa kushangilia mayai ya majike wakubwa tu. Hesabu yenyewe ni rahisi: uzito hupanda karibu na mchemraba wa urefu, hivyo jike wa inchi 24 ana uzito wa mara tatu na zaidi ya yule wa inchi 16, na mayai huenda sambamba na uzito. Lakini jike huanza kutaga akiwa na takriban mwaka mmoja, na hao wadogo ni wengi mno kuliko mabibi wa inchi 24. Kwa jumla ya mayai tu, wadogo wangeweza kushinda.

Faida ya kikomo iko kwenye umri. Februari 2021 baridi kali iliua samaki wasiopungua milioni 3.8 kwenye pwani ya Texas, na Laguna Madre, ghuba ndefu ya kusini mwa pwani hiyo, iliumia vibaya. Ghuba yenye samaki wa mwaka mmoja na miwili peke yao hutegemea misimu miwili ya kutaga. Ikiharibika yote, hakuna akiba. Wakiwepo wakubwa wa miaka mitano au sita, msimu mbaya hauzimi kizazi. Ni kweli baridi haichagui mkubwa wala mdogo, ila walionusurika ndio wa kuanzia upya, na kuwavua hao ni kula mbegu.

Hoja ya vifo ndiyo inayonisumbua, kwa kuwa jibu lake liko mkononi mwa mvuvi. Mdomo wa samaki huyu ni laini, huchanika upesi. Ndoano yenye matawi matatu humnasa mpaka kwenye matamvua. Ndoano ya ncha moja, iliyobanwa kile kijino kinachoizuia isichomoke, hutoka kwa mzungusho mmoja wa koleo. Akiwa ameimeza, usivute: kata uzi karibu na mdomo. Lowesha mikono, kwani mikono mikavu huondoa ute unaomkinga na maradhi. Usimning'inize kwa taya. Mtegemeze tumbo kwa mkono. Kiangazi maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na kila sekunde ya kupigiwa picha humgharimu. Kanuni ya urefu haimfundishi mtu lolote kati ya haya, na hapo wakosoaji wako sahihi kuliko wanavyodhani.