Kesi haifi mahkamani, inafia mapokezi ya hoteli

Habari tunayoichangia hapa inasema kijana mmoja mfanyakazi wa hoteli kashindwa kesi ya kuachishwa kazi kwa sababu kachelewa kupeleka malalamiko, na watu hapa wote wanamlaumu yeye. Jamani muwe na huruma kidogo. Mpwa wangu alikuwa weta hoteli moja huko kaskazini, siku ya kufukuzwa kaekewa karatasi ya Kiingereza pale mapokezi, kaambiwa saini ndo upewe mshahara wako wa mwisho, akasaini, kumbe imeandikwa kaacha kazi mwenyewe kwa hiari yake. Sasa hapo hata ukiwahi utasema nini? Na kopi hakupewa, mkataba wenyewe hajauona tangu aanze.

Jengine, ndugu zetu wa bara wanaofanya kazi Nungwi na Paje wakifukuzwa wanakimbilia kuulizia CMA, ile tume ya usuluhishi wa kesi za kazi ya huko bara, huku Zanzibar hakuna CMA, kazi si jambo la Muungano, sisi tuna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 na kitengo chetu cha usuluhishi, Mahkama ya Kazi ndo baadae mkishindwana. Mtu anahangaika wee hadi muda unamwishia, halafu tajiri anakuja na wakili kusema kachelewa, basi kesi imekwisha hata hajaulizwa kafukuzwa kwa kosa gani!

Mie naona hiyo karatasi ya kuacha kazi ingekuwa haina nguvu mpaka isainiwe mbele ya afisa kazi, tena iwe kwa Kiswahili.