Mlima Uliofichwa na Sikio

Mwongozaji wa filamu yetu alitaka mlima ambao hakuna binadamu aliyewahi kuukanyaga. "Nataka mlima bikira," alisema, akalirudia neno hilo mpaka tukaanza kutazama sakafu.

Basi tukafungua programu ya kutengeneza mandhari. Mwenzangu, Mtaalamu (jina hilo kajipa mwenyewe), akaanza na hesabu za Ken Perlin, yule aliyepewa tuzo ya ufundi ya Oscar mwaka 1997 kwa kuifanya kompyuta ichore vitu vionekane vya asili. Tukaunyeshea mlima mvua ya kompyuta ili imomonyoe udongo na kuchimba makorongo. Mashine ikakesha ikinguruma. Asubuhi, mlima huo hapo: mita 4,000, vilele viwili, makorongo ya kutamanisha. Mwongozaji nusura alie. Mtaalamu akajipiga selfi mbele ya skrini.

Halafu akasema, "Faili hii nzito, ngoja niipunguze." Sikumzuia. Anavaa miwani, nikadhani anasoma.

Programu hizi huhifadhi mlima kama picha ya kijivu: palipo peusi ni bondeni, palipo peupe ni kileleni. Picha ya biti 16 ina viwango 65,536 vya kijivu, hivyo kwa mlima wetu kila kiwango ni kama sentimita 6. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu. Gawanya mita 4,000 kwa 256, unapata karibu mita 16. Mtaalamu alikuwa ameugeuza mlima mzima kuwa ngazi, kila kipandio na urefu wa jengo la ghorofa tano.

"Nani kajenga ngazi kwenye mlima wangu?" Mwongozaji aliuliza, mikono kiunoni.

"Hayo ni matabaka ya miamba, mkuu. Jiolojia hiyo."

"Yote yamelingana hivyo?"

"Miamba mizuri hulingana."

Mkuu alipotoka kwenda kupokea simu, Mtaalamu akaamua kulainisha. Ngazi zikaondoka, na makorongo nayo yakaondoka. Tukabaki na mto wa kulalia wenye theluji. Nikamwambia airudishe faili ya mwanzo. Kimya. Alikuwa amehifadhi juu ya ile ile, na mradi wenyewe akaufunga bila kuuhifadhi kabisa.

Tumaini likabaki kwenye namba ya mbegu. Kila mlima wa namna hii huota kutokana na namba moja: ukiiandika tena kwa mipangilio ile ile, unaupata mlima wako mpaka korongo la mwisho. Ukikosea tarakimu moja, unaota mlima mwingine kabisa. Mipangilio tuliikumbuka. Namba nani angeikumbuka?

"Selfi!" Mtaalamu akapiga kelele.

Tukaikuza picha. Namba ilionekana vizuri, pembeni mwa skrini, tarakimu baada ya tarakimu, isipokuwa ya mwisho. Ya mwisho ilikuwa nyuma ya sikio lake. Mtu huyu ana masikio ya kutosha, lakini sikuwahi kufikiri yangetosha kufunika mlima.

Hapakuwa na njia ila kuanza na 0 na kupanda. Ya 0 ikatoa tambarare. Ya 1 kisiwa. Ya 2 ikatoa kitu kisichoelezeka mbele ya watu wazima. Ya 3 ikatoa mlima wa kilele kimoja, mkali, mzuri kwa kweli, lakini si wetu. Nilikuwa naandika 4 mlango ulipofunguka.

"Ahaa!" Mwongozaji alinyoosha kidole. "Mmeurudisha! Mlima wangu mimi naujua hata gizani. Msiuguse tena!"

Nikaondoa mkono kwenye kibodi taratibu.

"Lakini ule ulikuwa na viwili..." Mtaalamu alininong'oneza.

"Viwili nini?" Mwongozaji akageuka.

"Viwango, mkuu," nikawahi. "Tunahifadhi kwa biti 16 safari hii. Nakala mbili."