Ise Haidaiwi Picha

Juzi kwenye basi la kurudi stesheni, mtalii mmoja alikuwa amenuna kweli kweli. Eti kalipa nauli yote ile, kafika Ise, hekalu kuu la dini ya Shinto huko Japani, kaonyeshwa ua wa mbao. Nilinyamaza kwa adabu. Humu adabu hiyo sina.

Ni kweli, unaonyeshwa ua. Unavuka daraja la Uji, unanawa mikono mtoni Isuzu, unapita chini ya miti mirefu hadi ngazi za mawe, na hapo kamera marufuku. Juu kuna lango lenye pazia jeupe. Nyuma yake nyua nne, moja ndani ya nyingine, na kwa mbali ncha za paa la nyasi. Unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, unainama tena, unampisha mwenzio. Amaterasu, mungu wa kike wa jua, hakutoka kupiga selfi na mgeni. Pole sana.

Jamani, nani alituahidi kuingia? Tumezoea kila mlango ufunguke ukishakata tiketi. Nyumba ile ya Amaterasu ilianza kujengwa upya mwaka 690, na desturi ni kila miaka 20: inasimamishwa nyingine kama hiyo kwenye kiwanja cha pembeni, kwa mbao za hinoki, mti wa Kijapani, kisha ya zamani inabomolewa. Vita viliwahi kuikatiza desturi hiyo kwa zaidi ya karne, wakairudia. Mwaka 2013 ilikuwa mara ya 62. Na siku ya kuhama kwenyewe kioo kitakatifu, alama ya Amaterasu, hubebwa usiku, taa zimezimwa, kimezingirwa hariri nyeupe. Wajapani wenyewe hawakioni! Sasa wewe wa pasi ya treni ya wiki moja unadai nini?

Haya, nauli ni ghali, nakubali. Na miti inayokatwa ni mingi mno, ingawa nguzo kuu za nyumba ya zamani huchongwa upya zikawa malango ya daraja la Uji. Kwamba dola ya Japani iliitumia dini hii ya Shinto kuchochea vita hadi 1945, hilo nalo silisahau.

Mnuna wetu hata akafuku hakuonja, vile vitonge vya mchele vilivyofunikwa maharage matamu, vinavyouzwa nje ya hekalu tangu 1707. Angalau angerudi na kitu tumboni.

Mwaka 2033 nyumba itahamia kiwanja cha pili, na nyua zake nne. Mwenye haja ya picha aende hekalu la Fushimi Inari kule Kyoto: malango mekundu maelfu, kiingilio bure, usiku na mchana.