Mwanya wa laini ya koplana unalaumiwa kupita kiasi

Ishara ya redio ikipita kwenye bodi ya saketi hufuata mkanda wa shaba ulio karibu na ethi, yaani shaba ya volti sifuri: kwenye mikrostripu ethi iko chini ya bodi tu, kwenye laini ya koplana iko pembeni mwa mkanda, juu ya uso uleule. Waliozoea mikrostripu wana lawama moja wasiyochoka kuirudia dhidi ya koplana: mwanya kati ya mkanda wa katikati na ethi za pembeni ni mwembamba mno, hivyo kosa dogo la kiwandani linaharibu impidansi, yaani uwiano wa volti na mkondo wa wimbi kwenye laini. Ni kweli. Ila hiyo ni nusu ya hesabu, na nusu ya pili haisomwi mara nyingi.

Tuchukue bodi ya kawaida ya FR-4 (nyuzi za kioo na gundi ya epoksi) yenye unene wa milimita 1.6, tukikadiria kipimo chake cha dayalektriki, yaani jinsi kihami chake kinavyohifadhi uga wa umeme, kuwa 4.3, na tutafute impidansi ya omu 50. Mikrostripu inadai mkanda wa milimita 3 hivi. Koplana yenye ethi ya ziada upande wa chini inatosheka na mkanda wa milimita 1.2 na mwanya wa 0.2 kila upande. Sasa tuseme kemikali za kiwandani zimekula shaba milimita 0.025 zaidi katika kila ukingo. Kwa fomula za kawaida, mikrostripu inapanda kama nusu omu tu. Koplana inapanda omu 3.5. Hapo mlalamikaji hufunga daftari akiwa ameshinda.

Alifungue tena. Viwanda vingi vya bodi huuza unene kwa uvumilivu wa asilimia 10 juu au chini. Bodi ikija nyembamba kwa asilimia hiyo 10, mikrostripu inashuka takriban omu 3, kwa sababu uga wake karibu wote umetegemea umbali wa kufika ethi ya chini. Koplana ileile inashuka kiasi cha nusu omu, maana sehemu kubwa ya uga wake inaishia pembeni, kwenye mianya. Kwa hiyo kila laini ina kosa linaloiumiza, na makosa yenyewe yanakaribiana kwa ukubwa. Tofauti ni kwamba mwanya unaonekana kwa darubini, na kiwanda kinaweza kuufidia kwa kuupanua mkanda kwenye mchoro kabla ya kuchonga. Bodi iliyokwisha kubanwa ikatoka nyembamba haina mchoro wa kurekebisha. Na hizo omu 3.5 zinazotisha? Zinarudisha nyuma kama elfu moja ya nguvu ya mawimbi. Soketi ya SMA, ile ndogo ya skrubu ya kuunganisha kebo ya redio, iliyochomewa vibaya inaweza kufanya mabaya zaidi, na hakuna anayeiandikia barua ya malalamiko. Tena pini ya soketi nyingi za ukingoni za aina hiyo ina kipenyo cha milimita 1.27, karibu sawa na mkanda wetu wa 1.2, ilhali mkanda wa milimita 3 wa mikrostripu unaipokea pini hiyo kwa mruko wa upana.

Mahali ambapo wakosoaji wana haki kamili ni kwenye ethi. Ethi mbili za juu zisipofungwa pamoja, na kufungwa na ya chini, kwa safu za mashimo yaliyopakwa shaba, zinaanza kuishi maisha yao: wimbi lisilotakiwa linapita kwenye mwanya mmoja tofauti na mwingine, na bodi yenyewe inageuka sanduku la mwangwi. Kwa gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ndani ya FR-4 ni milimita 60 hivi, basi shimo kila milimita 3 linatosha kwa raha. Kwa gigahezi 24, umbali huo unapungua mara 10, na hapo gharama na subira ya mbunifu vinapimwa kweli. Kwenye makutano na kona mtu hulazimika kuongeza daraja la kuunganisha ethi, jambo ambalo mikrostripu haijui kabisa. Mkondo pia unajikusanya kwenye kingo za mwanya, hivyo shaba inapoteza zaidi. Kwenye FR-4 katika masafa ya chini kama gigahezi 2.4, lakini, hasara kubwa hutoka kwenye bodi yenyewe, si kwenye shaba.

Cheng P. Wen aliieleza laini hii mwaka 1969 akiwa kampuni ya RCA ya Marekani, akiwaza vifaa vya feriti (kauri yenye usumaku). Ilishika baadaye kwa sababu ya kiwandani kabisa: ethi ikiwa juu, hakuna haja ya kulikata tabaka la gali arsenidi, nusu-kipitishi cha chipu za redio, liwe jembamba na kutobolewa kutoka nyuma ili kifaa kifikie ethi. Ncha za vipimo vya chipu, zilizopangwa ethi, ishara, ethi, zinakaa juu yake moja kwa moja. Mwaka 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Yale lilitumia kipande cha laini ya namna hiyo kinachovuma kwa masafa yake maalumu kuunganisha kwa nguvu fotoni moja na kiubiti (biti ya kwantamu), na leo maabara nyingi za saketi za kwantamu huanzia hapo.

Kichujio cha mikanda iliyopangwa sambamba bado ningekichora kwa mikrostripu, na amplifaya yenye mkondo mkubwa vilevile. Lakini kwa njia fupi kutoka kwenye chipu ya redio hadi antena, kwenye bodi ya tabaka mbili ya bei ya chini, ningechukua koplana yenye ethi chini, mwanya wa 0.2 au zaidi kidogo, na ningemwuliza mwenye kiwanda kingo zake zinaliwa kwa kiasi gani kabla sijaanza kubishana na mtu kuhusu omu.