Azrou: mji uliokwisha kulindwa mara moja

Kila inapotajwa miji midogo ya milimani ya Afrika Kaskazini, hoja moja haikosi kutolewa: iacheni. Msiitangaze. Watalii wakiijua itakuwa kama Chefchaouen, mji wa Moroko ambako wageni hupanga foleni vichochoroni kupiga picha mbele ya kuta za buluu. Anayesema hivyo husema kwa mapenzi, wala hasemi uongo. Hata hivyo nataka kuipima hoja hiyo kwa mji wa Azrou, ulioko Atlas ya Kati nchini Moroko. Mji huu ulikwisha kulindwa na watu wa nje mara moja, na waliolindwa hawakushukuru.

Azrou kwa Kitamazight, lugha ya wenyeji, ni mwamba, na mwamba wenyewe uko pale pale mjini. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,250 hivi, na una wakazi zaidi ya 50,000. Theluji huanguka wakati wa baridi. Ifrane, umbali wa kilomita 17, ndiko kulikopimwa nyuzi 23.9 chini ya sifuri mwaka 1935, rekodi ya baridi inayotajwa hadi leo kwa bara zima. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mazulia ya Beni Mguild, kabila la eneo hili, ni mazito na yana sufu ndefu. Kabla hayajawa pambo la sebule za watu wa mbali, yalikuwa godoro na blanketi. Wenyeji hujiita Imazighen. Jina la Waberberi walipewa na wengine.

Nianze na upande wa wanaosema tusiende, maana wana ushahidi unaouma. Juu ya mji kuna msitu wa mierezi, na ndani yake wanaishi kima wa Barbari, wasio na mkia. Tangu 2008 kima hawa wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ziara nyingi zinazotoka mji mkubwa wa Fes huuza hao hao kima: basi linapanda asubuhi, linasimama Ifrane kidogo, linafika msituni, wageni wanagawa karanga na mikate, wanapiga picha, na jioni wako hotelini Fes. Kima wanaolishwa hivyo hunenepa kupita kiasi, huwazoea watu na husogea barabarani kwenye magari. Azrou yenyewe huonekana kupitia kioo cha dirisha. Aliyefuma zulia hauzi kitu, mwenye nyumba ya wageni hapati mtu wa kulala. Kama huko ndiko kutembelea, basi na mimi nasema heri wasije.

Lakini turudi 1927. Mwaka huo Wafaransa, waliokuwa wakiitawala Moroko kama nchi lindwa, walifungua Azrou chuo cha watoto wa wakubwa wa Kiberberi. Humo Kifaransa kilitiliwa mkazo, Kiarabu na dini vikawekwa pembeni. Nia ilikuwa kulea tabaka la Waberberi waliotengwa na Waarabu wa mijini, lenye utii kwa Ufaransa. Tarehe 16 Mei 1930 ikafuata amri iliyoziweka sehemu za Waberberi chini ya mahakama za mila zao, na makosa makubwa ya jinai huko yakapelekwa kwenye mahakama za Kifaransa. Utawala ulisema unahifadhi mila. Misikitini, kuanzia Salé hadi Fes, watu walikusanyika kusoma dua, wakimwomba Mungu asiwatenganishe na ndugu zao Waberberi. Na chuo cha Azrou, kilichojengwa ili kutenga, kikaja kutoa vijana walioingia katika harakati za uhuru. Baada ya uhuru kilipewa jina la Tarik Ibn Ziad, jemadari wa Kiberberi aliyeongoza jeshi la Waislamu kuvuka bahari kwenda Hispania mwaka 711.

Ndiyo maana nasita ninaposikia kwamba utamaduni wa Imazighen utasalimika ukiachwa mbali na macho ya watu. Wenyewe hawakuomba kufichwa. Walichodai kwa miaka mingi ni kuonekana, na walichopata kilitokana na madai hayo: lugha yao iliingia katika katiba ya 2011 kama lugha rasmi, maandishi ya Tifinagh yakapanda kwenye vibao vya ofisi na shule, na tangu 2024 mwaka wao mpya, Yennayer, ni sikukuu ya taifa. Pamoja na hayo, sensa ya 2024 iliwakuta wasemaji wa lugha za Kiamazigh ni karibu robo tu ya watu wa nchi hiyo. Lugha inayopungua haisaidiwi na ukimya.

Wala mierezi haitaokolewa na mgeni asiyekuja. Ukame wa miaka ya karibuni uliikausha Dayet Aoua, ziwa lililoko barabara ya Ifrane, na makundi makubwa ya kondoo yanakula miche kabla haijawa miti. Mtalii ana makosa yake, ila si yeye aliyelikausha ziwa.

Kwetu sisi jambo hili limesogea karibu. Michuano ya Mataifa ya Afrika iliyoanza Desemba 2025 iliziweka Tanzania na Uganda katika kundi lililochezea Fes na Rabat, na Fes imo tena katika mpango wa Kombe la Dunia la 2030. Kutoka Fes hadi Azrou ni kilomita 80 hivi. Mshabiki mwenye siku mbili kati ya mechi na mechi ningemwambia aliache basi la kima, apande teksi ya pamoja Jumatatu, alale Azrou. Jumanne ni siku ya gulio. Wafugaji hushuka na kondoo, mazulia hutandazwa, na bei hupatanwa kwa Kitamazight na Kiarabu cha Moroko. Akitaka kuona kima, msitu uko juu ya mji, aende kwa miguu na asibebe karanga.