Kisa au Rehema? Jina la binti wa Kinyakyusa linapoingia kwenye Kiswahili

Wifi yangu alijifungua mtoto wa kike hapa Uyole, Mbeya, na kabla kitovu hakijadondoka nyumba ilikuwa imeshagawanyika. Mama, mzaliwa wa Tukuyu, alishatamka kwamba mtoto ni Kisa. Wifi, Mhehe wa Iringa, akaomba kwa adabu aitwe Rehema. Mimi shangazi nikaulizwa ninasimama wapi.

Ajabu ni kwamba wote wawili wanataka jina lilelile. Kwa Kinyakyusa neno lenyewe ni ikisa: huruma, rehema, ule uchungu unaokushika kwa ajili ya mwenzako hadi unyanyuke umsaidie. Likiwa jina, irabu ya mbele inaanguka, linabaki Kisa. Kwa mvulana huwa Gwakisa, yaani "wa huruma", kama Gwamaka alivyo "wa nguvu". Napenda sana tofauti hiyo. Mvulana anakuwa mtu wa huruma. Binti anakuwa huruma yenyewe. Na neno halikuishia Rungwe, nyumbani kwa Wanyakyusa, kwani Waganda nao husema ekisa kwa maana hiyohiyo ya wema na huruma.

Kisa ana ndugu wengi: Lusajo ni baraka, Lugano ni upendo, Lusekelo ni furaha, Atupele ni "ametupa", na anayetajwa kimyakimya hapo kuwa ndiye mtoaji ni Mungu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo Walutheri wa misheni ya Berlin wakaingia upande wa Ziwa Nyasa. Walihubiri na kufundisha nyimbo kwa Kinyakyusa, kwa hiyo neno la huruma lililokuwa la jikoni na la msibani likawa pia la Jumapili. Ndiyo maana mama akisema "Kisa" hasikii jina la kimila linaloshindana na jina la dini. Anasikia yote mawili kwa pamoja.

Shida inaanza mtoto akitoka nje ya lango. Katika Kiswahili, kisa ni habari, tukio, hadithi, na neno hilo lina heshima yake: tunasema kisa cha Yusufu, visa vya kale. Lakini tunasema pia "anamfanyia visa mke mwenzake". Na siku hizi mtaani kisa limekuwa neno la kulaumu: wameachana kisa simu, amepigwa kisa shilingi mia tano, umenuna kisa nini? Nina mpwa mwingine anayeitwa Kisa, yuko kidato cha pili. Aliniambia kwamba kila mwalimu mgeni akisoma orodha ya majina, akifika kwake mtu wa nyuma huuliza, "Kisa cha nini?" na darasa linacheka. Anasema ameshazoea. Lakini alipokuwa ananieleza alikuwa anachezea kifungo cha sweta yake hadi uzi ukakatika, na mimi sikuamini hayo mazoea.

Kwa hiyo simlaumu wifi. Na hoja yake nzito wala si hiyo ya kuchekwa. Mtoto huyu, alisema, ni wa Iringa kama alivyo wa Tukuyu. Kwa nini abebe lugha ya upande mmoja? Mbeya mjini, Wasafwa, Wanyakyusa, Wandali, Wanyiha, Wakinga na Wabena wanapanga nyumba moja na kuoana. Rehema halimpi ushindi bibi yeyote. Lina asili ya Kiarabu, lilipanda huku kutoka pwani, na leo lipo kwenye nyumba za Waislamu na za Wakristo. Kuanzia Tunduma hadi Tanga hakuna atakayeuliza maana yake.

Mama alikuwa na jibu, ingawa hakulipanga kama hoja. Alijaribu kumwita mtoto kwa jina hilo, likatoka "Lehema", kwa kuwa Kinyakyusa hakina sauti ya r. Akanyamaza. Nikajiuliza: tunalinda masikio ya wanafunzi wenzake wa kesho kwa kulifanya jina lake liwe gumu kwa anayemfunga mgongoni leo?

Kuna waliosema mtoto apewe yote mawili. Nyumbani inawezekana, kwenye karatasi ni taabu, maana fomu zetu zina jina la kwanza, kisha la baba, kisha la ukoo. Zamani mtoto alikuwa na muda wa kukua na majina mawili, la nyumbani na la ubatizo, hadi shule ichague. Tangu mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 ulipoanzia hapa Mbeya mwaka 2013, cheti kinapatikana kituo cha afya au ofisi ya kata. Ni jambo jema, nalisema kwa moyo wote, ila linataka familia iamue mapema. Ukikosea sasa, utakuja kutafuta kiapo cha kurekebisha jina mtoto akiwa na vyeti vya shule.

Mimi nilisimama na Kisa, kwa sababu moja. Rehema lina walinzi nchi nzima. Halitapotea sisi tukiliacha. Kinyakyusa hakifundishwi shuleni, na mtoto wa Uyole atakisikia kwa bibi tu, wakati wa likizo. Jina huenda likawa neno pekee la lugha hiyo atakalolibeba kila siku. Lakini nilimwambia kaka kwamba haki ya wifi lazima ilipwe: mtoto atakayefuata, jina litoke Iringa, na asiwepo wa kuuliza maana yake kwa dharau.

Wifi aliwaza usiku kucha. Asubuhi alinyoosha mkono apewe kalamu, akaandika mwenyewe herufi nne, kisha akamgeukia mama: "Sasa nifundishe kulitamka kama mnavyolitamka nyumbani."